Ng'ombe wa Kijivu na Ukurasa wa Tatu

Fomu ile ilikaa kwenye droo ya cherehani wiki tatu, chini ya mkasi na mabaki ya kitambaa cha sare. Ilikuwa na kurasa nne. Ukurasa wa kwanza niliujaza wote: jina, kijiji, kazi, namba ya kitambulisho, watu wanaonitegemea. Wa pili nao niliumaliza. Kwenye ukurasa wa tatu nilifika mahali palipoandikwa "Mali za dhamana", na chini yake "Mifugo: aina, idadi, mmiliki", nikaiweka kalamu chini. Nikainuka nikaenda kupiga pasi sketi za watu.

Mtu akiniuliza nilihisi nini siku ile, nitamwambia ukweli: sikuhisi kitu. Miaka mitatu nilikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya. Unajua upo, unaukanyagia, lakini hausikii. Watu wa hapa Dongobesh walikuwa wakinipita dukani wanasema, "Fundi, siku hizi umetulia." Mh! Kutulia. Hata jiwe limetulia.

Nianze na kosa, maana bila kosa fomu isingekuwepo.

Nilikuwa na cherehani mbili na kibanda karibu na stendi. Shule moja ikanipa kazi ya kushona sare za wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza. Nikaona nimeuaga umaskini. Vitambaa nikavikopea kwenye simu. Mkopo wa simu ulipoiva, nikakopa kwenye simu nyingine nilipe ule wa kwanza. Ulipoiva wa pili, nikaenda kwa wale wa mikopo ya haraka waliokuwa wamefungua ofisi pale senta. Watu wanawaita kausha damu, na jina hilo hawakupewa bure. Nilijua. Kila mtu anajua, lakini kila mtu anadhani damu itakayokauka ni ya jirani.

Akaja kijana wao nyumbani kukagua dhamana. Kijana mpole, viatu vimepakwa rangi hadi vinang'aa, akaruka tope la zizi letu kwa adabu. Zizini kulikuwa na ng'ombe wawili, mwekundu na wa kijivu.

"Mama, hawa wote ni wa hapa?"

"Wa hapa."

"Wa kwenu?"

"Wa kwetu," nikasema.

Akaandika. Nikasaini. Mume wangu hakuwepo, alikuwa juu ya paa la mtu anapigilia mabati.

Sasa, mwekundu alikuwa wetu kweli. Wa kijivu hakuwa wetu. Alikuwa wa mzee mmoja wa Balangdalalu, kule chini Hanang, mfugaji, rafiki wa marehemu baba mkwe wangu. Huku kwetu ng'ombe wa mtu hawalali wote zizi moja. Mwenye ng'ombe wengi anampa rafiki yake mmoja hapa, mwingine anampa rafiki wa kule, ili ugonjwa ukiingia au mvua ikikataa, asimalizwe kwa siku moja. Wewe uliyepewa unakunywa maziwa, samadi unapeleka shambani, ndama ni wa mwenye ng'ombe, na ukimtunza vizuri siku moja atakwambia, huyu mtamba chukua, ni wako. Hakuna karatasi. Na jambo hilo halisemwi. Ukimwuliza mtu wa kwetu ng'ombe huyu ni wa nani, atakwambia ni wa kwetu, hata kama zizi zima ni la watu wengine. Kumtaja mwenye ng'ombe mbele ya mgeni ni kumvua nguo barabarani.

Kwa hiyo kijana alipouliza, mdomo ulijibu kama ulivyofundishwa tangu nikiwa binti. Lakini nisijitetee sana. Aliyesaini ni mkono, na mkono haukufundishwa desturi yoyote. Nilikuwa na sekunde nzima ya kusema, huyo wa kijivu usimwandike. Nikaiacha ipite, maana na wa kijivu akiwemo, mkopo uliongezeka.

Shule ilichelewa kunilipa muhula mzima. Wale jamaa hawakuchelewa. Walikuja na gari asubuhi, mimi nimesimama mlangoni tepu ya kupimia ikiwa shingoni. Mwekundu alipanda bila kelele, mjinga yule. Wa kijivu aligoma. Walimvuta kwa kamba, wakamsukuma kwa mabega, na kila alipokanyaga ubao aliteleza, kwa sababu alikuwa mzito, alikuwa na mimba. Hapo ndipo nikapata sauti.

"Jamani huyo si wetu! Huyo ni wa mtu!"

Yule kijana mpole akafungua faili lake, akanionyesha. "Mama, si ulisaini mwenyewe?"

Nilikuwa nimesaini mwenyewe. Wakaondoka naye.

Mimi na mume wangu tulienda Balangdalalu kumwambia mzee. Mume wangu ni mtu wa maneno machache, na siku ile hakuwa na hata hayo machache. Tulimkuta mzee amekaa kwenye kigoda nje ya boma, shuka begani, fimbo kati ya magoti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Karibuni."

Nikasema mimi. Nilisema yote, hata ile sekunde niliyoiacha ipite. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho huku anautazama mlima Hanang kana kwamba ndio uliokuwa unaongea. Kisha akauliza, "Alikuwa na mimba?"

"Ndiyo, baba."

"Miezi mingapi?"

"Sita."

"Haya," akasema.

Basi. Hakunitukana, hakuita kikao cha wazee, hakututoza faini. Mke wake akatuletea maziwa, tukanywa, na hayakuwa na ladha. Tulipoaga nikamwahidi nitamrudisha ng'ombe wake, ng'ombe, si pesa, kwa sababu ng'ombe wa namna ile hulipwa kwa ng'ombe. Akaniambia, "Mwanangu, ng'ombe anarudi kwa miguu yake. Kwa mdomo hafiki." Angenipiga na ile fimbo ningeshukuru. Ganzi ilianza hapo, kwenye benchi ya basi la kurudi, na ikanizoea.

Kilichofuata ni kazi ya kusafisha jina, na sijui kama kuna kazi ya kipuuzi kuliko hiyo. Wale jamaa walikuwa wamechukua ng'ombe na bado wakasema deni halijaisha. Nililimaliza kwa kushona viraka, kufupisha suruali, kukaza vifungo. Nikadai barua ya kumaliza deni, wakanizungusha, nikakaa ofisini kwao na mfuko wangu wa vitumbua siku nzima mpaka wakaniandikia. Nilipoipeleka benki ya mjini Mbulu, wakaniambia barua ni nzuri, ila kwenye mfumo jina langu bado ni chafu, litasafishika polepole. Nikauliza polepole ni lini. Wakasema inategemea na mimi.

Nikarudi kwenye kikoba, kile kikundi cha wanawake cha kuweka na kukopa, ambacho nilikuwa nimekikimbia kwa aibu. Walinipokea, lakini kwa masharti. Mwaka wa kwanza niweke tu, nisikope. Nilikaa karibu na mlango, naweka hisa yangu, nasikiliza wenzangu wanavyokopa na kuchekeana. Mwaka wa pili mwenyekiti akasema, "Haya, tumwonje." Wakanipa mkopo mdogo, hata kuku wawili usingetosha. Sikuwa na haja nao. Niliukunja kwenye leso, nikakaa nao mwezi, nikaurudisha na riba yake siku mbili kabla ya tarehe. Wakanipa mwingine. Nikafanya hivyo hivyo. Nilikuwa nakopa ili nionekane nalipa, mtu mzima mwenye mvi, kama mtoto wa darasa la kwanza anayeandika a, a, a mpaka mstari uishe.

Mume wangu siku moja akanitazama ninavyokula ugali akasema, "Wewe unakula au unajaza gunia?" Nilitaka kumjibu vibaya. Jibu lilikuwepo mdomoni, ila nguvu ya kulitoa sikuwa nayo.

Hasira pekee iliyobaki ilikuwa ya ujumbe wa simu. Hao hawachoki. Uko msibani, simu inalia, "Hongera! Umefuzu kupata mkopo wa papo hapo!" Uko kanisani, hongera. Unakamua nguo, hongera. Nilikuwa naijibu simu kwa sauti, "Fuzu wewe na ukoo wako wote!" Mteja mmoja aliyekuwa anapimwa kiuno akaruka akidhani nimemtukana yeye.

Na pembeni, kwenye kikoba, nilikuwa na akiba ya ng'ombe. Wanawake wenzangu walijua ni ya nini, hawakuuliza. Ilikuwa imefika nusu. Kwa hesabu yangu ilibaki miaka miwili, mvua ikinyesha na vitunguu swaumu vikipata bei, maana watu wa huku wakiuza vitunguu swaumu ndipo wanapokumbuka kushona.

Kisha mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe, anayezunguka minada yote mpaka Basotu, akapita dukani kuweka zipu kwenye koti lake. Akaniambia akiwa anasubiri, "Yule mzee wako wa Balangdalalu hali si nzuri. Walimpeleka hospitali, wakamrudisha nyumbani." Niliendelea kushona. Zipu nikaiweka kichwa chini miguu juu, ikabidi niifumue.

Miaka miwili haikuwepo tena, na ndivyo nilivyorudi benki.

Afisa mikopo alikuwa binti, umri wa mwanangu wa kwanza. Akanipa shikamoo, akaniandika kwenye kompyuta, akasoma, akasoma tena, halafu akatabasamu. "Mama, umepona. Si kabisa, lakini umepona." Alisema vile vile kama daktari. Nikangoja nifurahi. Nikaona sifurahi, nikamwuliza kama ninaweza kukopa.

"Kuomba unaweza. Kupata ndiyo sijui. Uko hapa katikati." Akaonyesha hewani kwa kidole, si juu, si chini.

Nikamweleza mpango wangu: nitaomba kwao, nitaomba kwenye chama cha akiba cha wakulima, na nitaomba na kwenye simu, popote patakapojibu kwanza nitachukua. Binti akanyanyua mikono yote miwili kama mtu anayezuia mbuzi.

"Mama usifanye hivyo! Kila anayekuangalia kwenye mfumo anaacha alama. Wakikuona umegonga milango mitatu kwa mpigo, watasema huyu ana shida, amerudi kulekule. Na ukikataliwa, unaanza kupanda upya. Chagua mmoja, au subiri."

"Ungekuwa wewe ungesubiri?"

Akacheka. "Mimi ni mfanyakazi wa benki, mama. Mimi natakiwa nikupe fomu."

Akanipa fomu. Akanieleza vizuri, bila kunificha kitu: kama ninakopa kununua ng'ombe, basi ng'ombe huyo huyo ndiye atakayekuwa dhamana mpaka nimalize. Nikasema sawa. Nilisikia maneno, maana yake ikapita nje.

Nyumbani mume wangu aliitazama ile fomu bila kuigusa.

"Ukikopa ukamlipa mzee ng'ombe wake, huyo ng'ombe wa benki atalipwa na nani?"

"Tutalipa polepole."

"Kama mara ile."

"Wewe unataka mzee afe anatudai?" Sauti yangu ilipanda, nikaishangaa. "Alikuwa rafiki wa baba yako, si wa baba yangu!"

"Sitaki afe anatudai," akasema. "Nataka pia tusidaiwe na wawili."

"Dawa ya deni ni kulipa."

"Kulipa, ndiyo. Wewe hapo unalihamisha."

Akachukua nyundo yake akaenda kazini. Mtu wa maneno machache ana ubaya huo, akisema unabaki nayo kutwa.

Nikajaza ukurasa wa kwanza. Nikajaza wa pili. Kwenye wa tatu, kwenye neno "mmiliki", nikakwama wiki tatu. Nilijiambia nimechoka. Nilijiambia kazi ni nyingi, shule zinafunguliwa. Kila jioni nafunga duka, nafungua droo, natazama, nafunga droo. Kumbe kichwa kilikuwa kinafanya kazi yake bila kunishirikisha.

Siku moja nilikuwa nakata kola. Mkasi ukiwa katikati ya kitambaa nikaona jambo lote wazi. Ng'ombe nitakayemnunua kwa mkopo, nitampeleka kwa mzee. Atasimama kwenye boma la mzee, mzee atasema nimelipwa, ataupumzisha moyo wake. Lakini kwenye karatasi za Mbulu, ng'ombe huyo atakuwa wa benki. Nikiteleza mwezi mmoja, gari litakwenda Balangdalalu, na kamba, na mabega, na ubao. Na wakiuliza mmiliki ni nani, nimeshaandika "mimi". Ng'ombe mmoja na wenyewe wawili, mara ya pili, na safari hii nitakuwa nimempelekea mzee mimi mwenyewe mpaka mlangoni.

Loo! Nilikaa kwenye kigoda cha wateja na mkasi mkononi. Nilikuwa nimeogopa, na huo woga ulikuwa kitu cha kwanza kunigusa ndani tangu lile basi la kutoka Balangdalalu.

Nikaamua siombi. Wala benki, wala chama, wala simu. Nikalijua pia jambo la pili linalokwenda na hilo la kwanza: mzee atakufa sijamlipa. Hayo mawili hayatengani, nilijaribu kuyatenganisha yakakataa. Nikamwambia mume wangu, naye akaitikia kwa kichwa. "Basi nenda ukamwambie mwenyewe," akasema. "Asisikie kwa watu wa mnada."

Nilipanda basi mpaka Basotu, kutoka hapo nikachukua bodaboda kupita mashamba ya ngano. Mkononi nilikuwa na sukari kilo mbili na shada la vitunguu swaumu. Fomu niliiweka kwenye pochi. Sijui kwa nini niliibeba. Pengine nilitaka kuwa na cha kuonyesha.

Mzee alikuwa amelazwa nje kwenye ngozi, upande wa jua. Alikuwa amebaki mifupa na macho. Mwanawe mkubwa, mtu mzima mwenye familia yake, alikuwa amekaa karibu naye anamfukuzia nzi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Akanitambua kwa sauti. "Umekuja na miguu minne au miwili?"

Hata akiwa vile, mzee alikuwa na utani.

"Miwili, baba."

"Karibu na miwili yako."

Nikakaa chini. Nikamwambia kwamba akiba imefika nusu, kwamba nilikwenda benki, kwamba nimepewa fomu. Akanyoosha mkono, nikampa. Hakujua kusoma. Aliishika, akaigeuza, akaipima uzito kama anapima ngozi ya mbuzi.

"Hii ndiyo iliyomla yule wa kijivu?"

"Ndugu yake, baba."

"Ungeimaliza, ungeniletea ng'ombe?"

"Wangekubali, ndani ya wiki chache ningemleta."

"Mbona hukumaliza?"

"Angekuwa wako hapa na wao kule." "Nimekuja kukwambia sitaweza kukulipa wakati ukiwepo. Naona aibu. Nimekuja kuisema aibu yenyewe, ndicho nilichonacho."

Mzee akailaza fomu kifuani. Kisha akamsemesha mwanawe kwa lugha yao. Mimi ni mtu wa milimani, lugha yao siielewi, lakini kubishana kunaeleweka kwa lugha yoyote. Mwana alikataa. Mzee akarudia. Mwishowe mwana akasema kwa Kiswahili, nadhani alitaka na mimi nisikie.

"Baba, huyu mama alishapoteza mmoja."

"Ndiyo," mzee akajibu, naye kwa Kiswahili. "Ambaye hajapoteza bado simjui."

Mwana akaondoka, akarudi anaongoza mtamba wa kahawia, mdogo, mwenye baka jeupe kwenye paji la uso. Mzee akaeleza kwa kukatakata, akivuta pumzi katikati. Huyu ni wake. Atakaa kwangu. Maziwa yangu, samadi yangu, kama zamani. Siku za mbele, yule mtamba atakayezaliwa, ambaye kwa desturi ningepewa niwe naye, hatakuwa wangu. Atarudi hapa, na huyo ndiye atakuwa malipo ya wa kijivu. "Mimi sitamwona," akasema. Akamwelekezea mwanawe kidevu. "Yeye atamwona."

Nitasema kweli, nilitaka kukataa. Nilikuwa nimekuja kukataa mkopo mmoja, nikajikuta mbele ya mwingine, hauna riba wala tarehe, na huo ulinitisha kuliko wa benki. Mwana naye akaanza kuona kwamba nitamsaidia kubisha. Lakini nilimtazama yule mzee, nikaona anasubiri jibu, na hana siku nyingi za kusubiri.

"Nimepokea, baba. Asante."

"Watu wakikuuliza ni wa nani, utasema nini?"

"Nitasema ni wa kwetu. Ndiyo desturi."

"Ndiyo desturi," akakubali. Akainua ile fomu yenye kurasa zangu mbili na nusu, akanirudishia. "Lakini karatasi haijui desturi. Mtu akikuuliza kwa mdomo, sema hivyo. Akikuuliza na karatasi mkononi, nitaje."

Fomu akaniambia niirudishe kwa mwenyewe, kwa sababu kitu cha mtu hurudi kwa mwenyewe. Baadaye niliirudisha kweli, nikamkabidhi yule binti wa benki, akacheka akasema hakuna anayerudishaga fomu. Mzee sikumwona tena. Alizikwa kabla mtamba hajapandwa.

Lakini siku ile ile niliyopewa mtamba ilibidi tupate kibali cha kumsafirisha, maana lori la fuso lilikuwa linapeleka ng'ombe mnadani Dongobesh na bila kibali wangetushusha njiani. Tukaenda na mwana kwa afisa mifugo. Ofisi ndogo, meza moja, kitabu cha kibali chenye nakala za rangi. Afisa hakutuangalia usoni, alikuwa na kazi nyingi. Akaandika tarehe. Akaandika mtamba mmoja, kahawia. Akaandika anatoka wapi, anakwenda wapi.

"Mmiliki?"

Lilikuwa neno lile lile la kwenye droo. Mwana akatazama viatu vyake, na nilijua kwa nini. Mdomo wake na wangu imelelewa na desturi moja. Asingemtaja baba yake mbele ya mgeni hata kwa dawa.

"Wa kw..." nikaanza. Mdomo wenyewe ulianza, mimi bado. Nikaufunga.

Kisha nikataja jina la mzee. Hapa siliandiki, maana aliniruhusu kulitaja kwa anayeuliza na karatasi mkononi tu, lakini siku ile nililitaja kwa sauti, jina lake, la baba yake na la ukoo wake. Mwana aliinua kichwa akanitazama mara ya kwanza.

"Na wewe ni nani wake?" afisa akauliza.

"Mimi nimeaminiwa naye tu."

Machozi yakanitoka. Hayakuwa mengi, lakini yalikuwa ya moto na niliyasikia yanavyoshuka, shavu moja baada ya lingine. Afisa akasimamisha kalamu, akauliza kama kuna tatizo. Nikamwambia hakuna tatizo lolote, aandike tu, na nikamtajia jina tena polepole ili asikosee.